1 bila turufu, 2 pau, 2 shupaza, 4 bila turufu: hiyo 4 inauliza ree au inaalika slemu (dau la kula mizunguko 12 kati ya 13)?

#1 Zabibu_Chungu
Wakuu salaam. Kuna ubishi umetushinda tangu Jumamosi, wajuzi wa briji naomba mtusaidie. Tunacheza watu wanne hapa Ilazo, Dodoma, wote tumejifunzia ukubwani, hakuna aliyekaa darasani. Tumekubaliana kwamba 1 bila turufu ni pointi 15 hadi 17 (ree 4, K 3, Q 2, J 1), na 2 pau inayofuata ni Stayman.

Nilishika hizi:
Shupaza K J 8 4
Kopa A 6
Uru K 9 5
Pau A 7 5 2

Pointi 15, nikafungua 1 bila turufu. Mwenzangu akasema 2 pau. Nina shupaza nne, nikajibu 2 shupaza. Akaruka moja kwa moja hadi 4 bila turufu. Nikajua ananiuliza ree (Blackwood), ninazo mbili, nikajibu 5 kopa. Akatupia 6 kopa! Wapinzani muda wote pasi, pasi, pasi. Na kwa kuwa kopa niliitaja mimi kwanza, ikabidi nicheze mimi, turufu zangu mbili tu mkononi. Dami (karata za mwenzangu zinazofunguliwa mezani) ilipofunguka ikawa hivi:

Shupaza A 5
Kopa K Q J 3
Uru A Q 6 4
Pau 9 8 3

Tulihitaji 12, tukala 10. Yeye anasema 4 bila turufu yake ilikuwa mwaliko tu, na kwa pointi 15 nilitakiwa niseme pasi. Mimi nasema 4 bila turufu ni swali la ree. Nani yuko sahihi?

#2 Fundi_Rejeta
Nimekaa hapa mbele kabisa. Mimi mtu wa albastini na last card, ila niulize: huyo mwenzako kasema 2 pau, kumbe pau anazo 9 8 3? Sasa alikuwa anataka nini na pau?

#3 Mwl_wa_Hesabu
Zabibu, mwenzako yuko sahihi. Kanuni yenyewe ni fupi: 4 bila turufu inauliza ree pale tu ambapo mmeshakubaliana turufu. Nyie turufu hamkukubaliana. Wewe umetaja shupaza, yeye hajasema anaitaka. Kwa hiyo hiyo 4 ni hesabu tupu. Anakwambia "nina 16 au 17, ukiwa umeshiba panda 6, ukiwa na chache ishia hapo". Ulikuwa na 15, yaani sakafu kabisa ya mlichokubaliana. Pasi.

Hesabu ya slemu bila turufu ni pointi 33. Yeye 16, wewe 15, jumla 31. Hazitoshi.

@Fundi_Rejeta 2 pau pale haihusu pau hata kidogo. Ni swali: "Una karata nne za kopa au za shupaza?" Akiwa nazo anataja, akiwa hana anasema 2 uru. Hizo mbili ndizo aina kubwa, kila mzunguko unaopita ule 6 wa mwanzo unalipa 30, wakati pau na uru zinalipa 20. Ndiyo maana watu wanazitafuta kwanza.

#4 Katibu_Mstaafu
Mimi nacheza briji tangu nikiwa masomoni Uingereza. Tulifundishwa hivi: 4 bila turufu ni 4 bila turufu. Inauliza ree. Kijana umejibu sawasawa, na aliyekosea ni yule aliyesema 6 kopa. Halafu hiyo 15 hadi 17 mmeitoa wapi? Kwenye Acol, mfumo tuliofundishwa, 1 bila turufu ni 12 hadi 14.

#5 Binti_Mpwapwa
Shikamoo mzee Katibu. Hiyo 15–17 ni ya mfumo wa Kimarekani, na wengi waliojifunzia kwenye mtandao wameikuta hiyo. Zote mbili zinafanya kazi, shida inakuja meza moja ikiwa na mtu wa Acol na mtu wa Kimarekani. Wa Acol akiwa na 16 mkononi halafu mwenzake kafungua 1 bila turufu ya 12–14, hafikirii slemu kabisa. Ili aalike anahitaji kama 19 hivi.

Huyo Acol alikuwa nani, mzee?

#6 Katibu_Mstaafu
Marahaba binti. Nadhani ni jina la mwasisi wake.

#7 Ree_ya_Shupaza
Hapana mzee wangu, Acol ni mtaa. Acol Road, kaskazini mwa London, kulikuwa na klabu ya briji pale miaka ya 1930, mfumo ukachukua jina la mtaa. Majina ya watu ni hizo nyingine. Blackwood ni Easley Blackwood wa Indianapolis, aliibuni 1933. Gerber, ile 4 pau ya kuuliza ree, ni John Gerber wa Texas. Na Stayman ni Samuel Stayman.

#8 Mwl_wa_Hesabu
Ree, kwa Stayman umeteleza kidogo. Samuel Stayman ndiye aliyeiandika, 1945, kwenye jarida moja la Marekani. Aliyeibuni ni mwenza wake mezani, George Rapée. Na huko Uingereza Jack Marx alikuwa ameshaipata kivyake. Jina likabaki kwa aliyeandika.

#9 Ree_ya_Shupaza
Ahsante mwalimu, hilo nakubali. Ila kwenye hoja yenyewe sikubali. Unasema turufu haijakubaliwa. Jamaa kauliza "una nne za aina kubwa?", kajibiwa "ndiyo, shupaza", akaruka 4. Mtu akiuliza swali akajibiwa kisha akaruka, si ameridhika na jibu? Kwangu shupaza imekubaliwa kimyakimya. Hiyo ni Blackwood.

#10 Mwl_wa_Hesabu
Angalia karata zake, Ree. Shupaza anazo mbili, A na 5. Alichokuwa anakitafuta ni kopa! Stayman haisemi muulizaji ameshika aina ipi kati ya hizo mbili. Akijibiwa shupaza na yeye ana kopa nne, atasemaje kwamba ana 16 na hana haja na shupaza? Hana njia nyingine, ndiyo hiyo 4 bila turufu. Ukimnyang'anya hiyo, mwenye kopa nne na pointi 16 anakuwa bubu.

#11 Ree_ya_Shupaza
Na ukimpa hiyo, mwenye shupaza nne na pointi 18 anaulizaje ree? Naye anakuwa bubu.

#12 Mama_Kisasa
Hapana Ree, huyo hawi bubu. Sisi kwa mume wangu tunafanya hivi: baada ya 2 shupaza, ukiipenda shupaza na una tamaa ya slemu unasema 3 kopa. Si kopa ya kweli, maana yake ni "nimeipenda shupaza yako, tuongee". Hapo turufu imekubaliwa, 4 bila turufu ikija baadaye ni Blackwood bila ubishi. Ukiruka moja kwa moja bila kupitia 3 kopa, ni mwaliko. Tuliwekeana hivyo baada ya kugombana sana, tena mbele ya wageni.

#13 Dereva_wa_Nala
Mama Kisasa mpaka kwenye karata 3 kopa si kopa? Nyumba yenu ina mafumbo 😂

#14 Mama_Kisasa
Dereva, kaka yangu, ndoa yetu imedumu na karata zinaendelea.

#15 Fundi_Rejeta
Sasa nawauliza wote kwa moyo mweupe. 2 pau si pau. 3 kopa si kopa. 5 kopa ni ree mbili. Mnadani Msalato mtu akitaja bei ya ng'ombe ametaja bei, hatuambiwi laki sita ilikuwa na maana kwamba anaulizia mbuzi. Hii si lugha ya siri? Kijiweni kwetu watu wawili wakiwa na alama zao mnaowacheza nao mnawaita wezi.

#16 Kipanga_wa_Kondoa
Naunga mkono hoja ya Fundi. Kwenye wahedi u sitini tulikuwa tunakonyezana na mwenzangu nikiwa na turufu kubwa, na siku tuliyogundulika tulifukuzwa barazani. Tofauti iko wapi?

#17 Binti_Mpwapwa
Tofauti ipo na ni kubwa, na niliipenda briji kwa sababu hiyo hasa. Jicho lako, Kipanga, lilikuwa la kwenu wawili. Kwenye briji hakuna makubaliano ya wawili. Kila maana mliyowekeana na mwenzako, wapinzani wana haki ya kuijua. Dau lisilo la kawaida, mwenzako ndiye anayewatahadharisha wapinzani, na wakiuliza linamaanisha nini anaeleza, tena anaeleza mbele yako na wewe unanyamaza. Wote wanne mnajua 2 pau ni swali. Kilichobaki siri ni karata zenyewe tu.

Ukikohoa kwa makusudi, ukisita kusudi, ukiweka karata kwa kishindo ili mwenzako aelewe, huo ndio wizi, na unaadhibiwa.

#18 Ree_ya_Shupaza
Tena wizi wa kweli umewahi kutokea ngazi za juu kabisa. Mashindano ya dunia ya 1975 kule Bermuda, jozi moja ya Italia ilikaripiwa kwa kugusana miguu chini ya meza. Mwaka huohuo ndio walikuwa wameanza kutumia pazia katikati ya meza ili mtu asimwone mwenzake usoni, basi ikabidi na chini ya meza pazibwe.

#19 Dereva_wa_Nala
Miguu tena! Fundi njoo usome.

#20 Fundi_Rejeta
Nimesoma. Maelezo ya Binti nimeyapokea kwa asilimia kubwa. Ila kama wote wanne wanajua, kwa nini usiseme tu "nina kopa nne" badala ya kuzunguka?

#21 Binti_Mpwapwa
Kwa sababu maneno yamehesabiwa. Unaruhusiwa madau 35 tu, ngazi 1 hadi 7 kwa aina tano (pau, uru, kopa, shupaza, bila turufu), pamoja na pasi, dabo (kuzidisha dau la mpinzani) na ridabo (kuizidisha tena). Na kila dau lazima lipande juu ya lililotangulia, kushuka hakuna. Karata zako 13 zinaweza kukaa kwa namna bilioni nyingi. Sasa utaeleza bilioni kwa maneno 38? Lazima neno moja lifanye kazi ya matatu. Ndiyo maana 2 pau ya kweli imetolewa kafara: ni nadra mtu kutaka kweli kucheza 2 pau baada ya mwenzake kufungua bila turufu, basi neno likapewa kazi nyingine.

#22 Fundi_Rejeta
Hapo nimeelewa. Ahsante dada.

#23 Katibu_Mstaafu
Mmehama mada. Narudi kwa kijana. Hata tukikubali ya Mwalimu kwamba ilikuwa mwaliko, nani anieleze 6 kopa ilitoka wapi. Zabibu alishajibu 2 shupaza. Mwenye kopa nne na shupaza nne zote anataja kopa kwanza, anapanda kutoka chini. Akitaja shupaza amekana kopa. Basi 5 kopa haiwezi kuwa kopa nne!

#24 Zabibu_Chungu
Mzee hapo umenigusa. Mwenzangu anasema alidhani nimeukubali mwaliko na njiani namwonyesha kopa nne, kwa sababu yeye tangu zamani akiwa na zote mbili anataja shupaza kwanza. Kwamba tunaanza na ipi hatukuwahi kuliongea.

#25 Mwl_wa_Hesabu
Basi umeona, hata yeye hakuwa mjinga. Kwa mtazamo wake 5 kopa ilikuwa na maana kamili: "nimekubali, na kopa ninazo". Zipo jozi zinazotaja shupaza kwanza. Wengi wanaanza na kopa, lakini zipo.

#26 Kipanga_wa_Kondoa
Mimi ninachokiona ni kingine. Zabibu ana A ya kopa na A ya pau, mwenzake A ya shupaza na A ya uru. Ree zote nne zilikuwa kwao na slemu bado imeanguka. Sasa hiyo Blackwood ina faida gani?

#27 Ree_ya_Shupaza
Swali zuri sana. Watu wengi wanadhani Blackwood inakwambia slemu ipo. Kazi yake ni kukuzuia. Unapokuwa na uhakika wa nguvu ya kula 12, unauliza ree ili usije ukakuta wapinzani wanazo mbili wakazila mapema kabla hujaanza. Nguvu unatakiwa uwe umeshaipima kabla ya kuuliza.

Hesabu karata zao kwa bila turufu: shupaza A na K, kopa nne za juu, uru A K Q, pau A. Hizo ni 10, hakuna ya kubahatisha. Ya 11 na 12 utazitafuta kwa kubahatisha Q ya shupaza iko kwa nani na uru zilizobaki zigawanyike tatu kwa tatu.

#28 Mwl_wa_Hesabu
Sahihi kabisa, na ndiyo siri ya 33. Pakiti nzima ina pointi 40: ree 4, K 3, Q 2, J 1, mara aina nne. Mkiwa na 33 wapinzani wamebaki na 7, na ree mbili ni 8. Hawawezi kuwa nazo mbili! Kwa hiyo bila turufu, hesabu ya pointi peke yake inakulinda na huhitaji kuuliza ree. Ndiyo maana juu ya bila turufu ile 4 ikapewa kazi ya kualika.

Na hapa 4 bila turufu ingetimia, 10 hasa. Kama hamkuwa hatarini (hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi) ni 430 zenu. Mkaishia kutoa 100.

#29 Zabibu_Chungu
Hatukuwa hatarini. 430 kwa 100, inauma.

#30 Katibu_Mstaafu
Mwalimu hesabu zako nzuri, lakini hesabu hazifuti mazoea. Kwenye meza ambayo hamjaandikiana, mazoea ya wengi ndiyo sheria. Nenda meza yoyote ya wazee, sema 4 bila turufu, utajibiwa ree.

#31 Binti_Mpwapwa
Mzee kwa heshima, hata 1 bila turufu kisha 4 bila turufu moja kwa moja, utajibiwa ree?

#32 Katibu_Mstaafu
Hiyo hapana. Hiyo ni mwaliko.

#33 Binti_Mpwapwa
Basi mzee "4 bila turufu ni 4 bila turufu" imeshaanza kupata mipaka.

#34 Dereva_wa_Nala
Mzee kabanwa kona ya Ihumwa 😂😂

#35 Katibu_Mstaafu
Sijabanwa. Hiyo hakuna aina iliyotajwa, ya Zabibu aina imetajwa. Nabaki palepale na Ree.

#36 Mjukuu_wa_Kongwa
Uzi mtamu. Niongeze cha nyumbani. Babu yangu alikuwa mhudumu kwenye klabu ya Wazungu Kongwa enzi za mpango wa karanga, ule ulioanza 1947 ukafa 1951. Alikuwa anasema jioni wanacheza karata wanne wanne, na aliwaona wakinuniana siku nzima kwa ajili ya neno moja la mezani. Alijifunza kwa kuwatazama akisimama na sinia, baadaye akamfundisha baba namna ya kuhesabu, 4, 3, 2, 1. Mimi ndiyo nimeirithi hivyo, Stayman nimeijulia kwenye simu.

#37 Mama_Kisasa
Babu alikuwa na jicho. Hivi Mjukuu unacheza wapi sasa hivi?

#38 Mjukuu_wa_Kongwa
Niko UDOM, kwa hiyo peke yangu tu, Bridge Base Online na roboti. Tatizo la roboti hazibishani, zinakufungulia maelezo ya kila dau, ukibofya unaambiwa maana. Nimeijaribu ya Zabibu kichwani: kwa kanuni nilizozizoea mtandaoni, baada ya Stayman na jibu la aina kubwa, 4 bila turufu ni mwaliko na 4 pau ndiyo inauliza ree, ile Gerber.

#39 Ree_ya_Shupaza
Gerber baada ya Stayman ni matatizo mengine. Pau nikiwa nazo sita za kweli nitaionyeshaje? Mkuu mnaziba shimo moja mnachimba jingine.

#40 Mama_Kisasa
Utaionyesha kwa 3 pau, Ree. 4 pau unaihitaji mara ngapi maishani?

#41 Ree_ya_Shupaza
Siku ikitokea tu, mama, ndiyo utajua.

#42 Mfuasi_wa_Funguo
Wakuu mnabishana na ree nne, wenzenu tumeshahamia kwenye funguo tano. K ya turufu inahesabiwa kama ree. Zabibu kama shupaza ingekuwa turufu alikuwa na funguo tatu, ree mbili na K ya shupaza. Jibu lake lingekuwa 5 uru, yaani 0 au 3, na balaa la 6 kopa lisingetokea kabisa.

#43 Mwl_wa_Hesabu
Inategemea unacheza 1430 (5 pau ni 1 au 4, 5 uru ni 0 au 3) au ile ya zamani. Kwa ya zamani 0 au 3 ni 5 pau. Umeongeza mlango mwingine wa kugombana, Mfuasi. Na bado turufu haijakubaliwa, K ya aina gani ihesabiwe? Ya shupaza au ya kopa?

#44 Mfuasi_wa_Funguo
Ya aina iliyotajwa mwisho.

#45 Mama_Kisasa
Nani kakubali hilo?

#46 Kipanga_wa_Kondoa
Mimi nauliza kwa wanaojifunza kama mimi. Mtu anayeanza ashike konvensheni (madau yenye maana ya makubaliano) ngapi? Nikisoma huu uzi nahisi nirudi kwenye wahedi u sitini.

#47 Binti_Mpwapwa
Usirudi Kipanga. Anza na Stayman, na Blackwood baada ya turufu kukubaliwa wazi. Zikikaa, ongeza uhamisho (Jacoby): mwenzako akifungua 1 bila turufu, wewe ukiwa na kopa tano unasema 2 uru, yeye anataja 2 kopa, ukiwa na shupaza tano unasema 2 kopa. Faida yake mwenye karata nyingi za nguvu ndiye anacheza, na mkono wake haufunguliwi mezani. Zaidi ya hapo dau liwe na maana yake ya kawaida. Nimeona watu wana konvensheni kumi na hawajui 1 shupaza inahitaji pointi ngapi.

#48 Katibu_Mstaafu
Hapo binti tuko pamoja kabisa.

#49 Mjukuu_wa_Kongwa
Na Afrika tuna historia yetu kwenye huu mchezo, msidhani ni wa Wazungu tu. Omar Sharif, yule mwigizaji wa Misri, aliichezea timu ya taifa lake kwenye Olimpiadi ya briji ya 1964. Misri na Afrika Kusini ziko mbali sana. Dodoma tunashindwa nini kupata hata meza tatu za kudumu?

#50 Dereva_wa_Nala
Mkipata meza mniite, niko tayari kujifunza. Jumamosi mnadani nyama ipo, karata zitakuwepo.

#51 Zabibu_Chungu
Ahsanteni wote. Nimemsomea mwenzangu uzi mzima. Kaifurahia #3 na #10, mimi nimebaki na #9 na #35. Tumekubaliana jambo moja tu, tukiwa na zote mbili tunaanza na kopa. Hii ya 3 kopa ya Mama Kisasa ameikataa, anasema atakuwa anataka kuitumia kuonyesha kopa tano.

#52 Mama_Kisasa
Kopa tano si mna uhamisho?

#53 Zabibu_Chungu
Uhamisho hatuchezi bado.

#54 Mwl_wa_Hesabu
Basi anzeni hapo. Uhamisho ukiingia, 3 kopa inabaki haina kazi, nayo ikibaki haina kazi mnaweza kuipa ya Mama Kisasa, na 4 bila turufu inakuwa mwaliko.

#55 Ree_ya_Shupaza
Au inakuwa Blackwood, na mwaliko mnaufanya kwa njia nyingine. Mwalimu usiwafungie mlango.

#56 Mfuasi_wa_Funguo
Na mpinzani akiingilia kati baada ya 4 bila turufu, mnajibuje? Mfano 5 uru yao imekaa hapo katikati?

#57 Ree_ya_Shupaza
Dabo ni hakuna ree, pasi ni moja, zaidi ya hapo unapanda dau linalofuata kwa kila ree.

#58 Katibu_Mstaafu
Kwetu dabo ni adhabu. Nielezeni hiyo ilianza lini.